Mlima ukijifunika: tunavyosoma hewa ya vibete vya kahawia

Ukiishi Njoro, hapa Moshi, unajua kwamba mlima una saa zake. Saa kumi na mbili asubuhi Kibo iko wazi na barafu yake inang'aa. Ikifika saa nne hivi, mawingu yameshapanda kutoka msituni na mlima haupo tena. Mgeni akishuka kwenye basi mchana anaweza kuzunguka mjini mpaka jioni bila kujua kwamba mbele yake kuna kitu chenye urefu wa mita 5,895.

Sasa fikiria mlima ambao haufunguki kamwe. Huwezi kuupanda, huwezi kuurushia droni, huwezi hata kuusogelea, kwa sababu uko mbali kiasi kwamba mwanga wake unatumia zaidi ya miaka 7 kukufikia. Unachopata ni kijidoa kimoja cha mwanga hafifu, basi. Je, unaweza kusema kuna nini ndani ya mawingu yale? Kila ghorofa ina joto kiasi gani? Hewa yake imetengenezwa na nini?

Unaweza, tena kwa usahihi wa kushangaza. Ila kuna mahali tunakwama, na mahali penyewe ni gesi moja inayoitwa fosfini. Usipoielewa vizuri gesi hiyo, siku moja unaweza kutangaza kwamba umegundua viumbe hai angani, kumbe ulichogundua ni kwamba hukuielewa kemia. Tutafika huko. Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani.

Mkaa uliotolewa jikoni

Kibete cha kahawia kinaanza maisha kama nyota yoyote. Wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake lenyewe, linabanwa, linapata joto. Tatizo ni kwamba hakikujikusanyia gesi ya kutosha. Ili nyota iwake na iendelee kuwaka, kitovu chake lazima kibanwe mpaka viini vya hidrojeni vianze kuungana na kuwa heliamu, na hilo linahitaji masi ya takribani mara 75 ya sayari ya Mshtarii. Chini ya hapo moto haushiki. Kitu kinazaliwa na joto lake la kuzaliwa, halafu kazi yake yote iliyobaki ni kupoa, kwa mabilioni ya miaka.

Chukua kaa la moto, litoe jikoni uliweke pembeni. Mwanzo ni jekundu. Baada ya muda linakuwa jeusi, ungedhani limezimika. Hebu lishike sasa! Bado linatoa mionzi, ila ni mionzi ya infraredi ambayo jicho halioni na ngozi inaihisi. Vibete vya kahawia ni makaa ya aina hiyo. Ndiyo maana ukitaka kuviona unahitaji darubini inayoona joto, si darubini inayoona rangi tulizozizoea.

Mwanafizikia Shiv Kumar alipiga hesabu za vitu hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Jill Tarter akavipa jina la "vibete vya kahawia" mwaka 1975. Lilikuwa jina la kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Ikapita miaka 20 bila ushahidi. Halafu mwaka 1995, ndani ya mwaka mmoja, vikapatikana viwili vya uhakika: Teide 1, na Gliese 229B kilicho umbali wa takribani miaka 19 ya nuru. Habari za Gliese 229B zilitolewa kwenye mkutano wa wanaastronomia mjini Florence, Italia, Oktoba 1995, mkutano uleule ambapo ilitangazwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo kama Jua letu. Sayari ilichukua vichwa vyote vya habari. Mimi binafsi naona kibete kilionewa.

Walijuaje kwamba Gliese 229B si nyota ndogo tu? Kwa sababu ya methani. Kwenye spektra yake kulikuwa na alama za gesi hii, zilezile tunazoziona kwenye Mshtarii. Molekuli ya methani haiwezi kuishi kwenye uso wa nyota, joto linaivunja. Ukiona methani nyingi namna ile, unajua unachokiangalia ni baridi mno kuwa nyota. Alama moja kwenye mwanga ikamaliza ubishi wa miongo miwili.

Chumvi kwenye jiko la gesi

Kama una jiko la gesi, fanya jaribio hili leo. Punguza taa za jikoni, washa moto mdogo, dondoshea punje chache tu za chumvi. Mwali wa buluu unageuka njano kali. Hiyo njano ni sahihi ya sodiamu, na haibadiliki. Chumvi ya Tanga, ya Uvinza, au sodiamu iliyopo kwenye nyota ya mbali, njano ni ileile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Kila atomi na kila molekuli ina sahihi zake, na molekuli kama maji au methani zina maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa kwenye infraredi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao ndio unaotufaa zaidi. Sodiamu yenye moto inatoa njano. Sodiamu iliyopoa, ikiwa imesimama mbele ya mwanga mkali zaidi, inaimeza njano hiyohiyo. Ukiupitisha mwanga ule kwenye prizimu, badala ya mstari unaong'aa utakuta pengo jeusi mahali palepale. Kwa hiyo spektra inakuambia mambo mawili kwa mpigo: gesi gani ipo, na kama gesi hiyo ni baridi au ni moto kuliko kilichopo nyuma yake. Shika hilo la pili, tutalirudia.

Mfano wa karibu zaidi uko Mererani, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA. Tanzanaiti haina taa ndani yake. Rangi yake inatokana na kumeza: vanadiamu kidogo iliyomo kwenye jiwe inameza sehemu ya mwanga, na kinachobaki kukufikia ni buluu na zambarau. Sasa sikia kituko. Katika vibete vya kahawia vilivyopoa kiasi, sodiamu na potasiamu zimebanwa kwa mgandamizo mkubwa mpaka mapengo yao yamepanuka, yamekula karibu njano yote na sehemu kubwa ya nyekundu. Wataalamu waliopiga hesabu ya rangi inayobaki wanasema ukivisogelea utaviona vya zambarau inayoelekea wekundu. Si kahawia hata kidogo.

Na tukiwa hapohapo: mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa kila nchi nafasi ya kutaja majina ya nyota moja na sayari yake. Tanzania tulipewa nyota WASP-71. Sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite. Jina zuri, ila kuichunguza hewa ya Tanzanite ni kazi ngumu, kwa sababu inazunguka karibu sana na nyota yake, mwaka wake ni chini ya siku 3. Ni kama kumtafuta kimulimuli kando ya taa za basi linalokuja usiku na taa zote kali zimewashwa. Vibete vingi vya kahawia viko peke yao gizani. Kimulimuli yuleyule, basi halipo. Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kuhangaika navyo: joto lake, gesi zake na mawingu yake yanafanana na ya sayari kubwa za gesi, na tunaweza kuvisoma bila mng'ao wa nyota kutusumbua. Ni mazoezi kabla ya mtihani.

Kila urefu wa wimbi una ghorofa yake

Watu wengi wanadhani spektra ni orodha ya viungo tu, kama maandishi nyuma ya paketi ya biskuti. Ni zaidi ya hapo.

Waulize wapagazi wa Kilimanjaro. Moshi mjini, kati ya mita 700 na 950 kutoka usawa wa bahari, unatoka jasho. Mandara, mita 2,720, unavaa sweta. Horombo, mita 3,720, maji yanaweza kuganda usiku. Kila ukipanda kilomita moja, joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Mpagazi mzoefu ukimfunga macho na kumwambia nje kuna baridi kiasi gani, atakukadiria yuko kambi gani.

Kwenye kibete cha kahawia nako, kwa kawaida, kadiri unavyopanda ndivyo kunavyopoa. Gesi iliyo juu haizuii mwanga wote sawasawa. Kwenye urefu wa wimbi ambao mvuke wa maji unaumeza sana, mwanga kutoka chini haupiti, kwa hiyo unachokiona kimetoka ghorofa ya juu, kwenye baridi, na ni hafifu. Kwenye urefu wa wimbi ambao hakuna gesi inayoumeza, unaona mpaka chini kabisa kwenye joto, na mwanga ni mkali. Spektra nzima, yenye vilima na mabonde yake, ni kama kupima baridi ya kambi zote kwa wakati mmoja ukiwa umekaa Njoro. Bonde ni juu mlimani, kilima ni chini bondeni, yaani kinyume cha ramani.

Halafu kuna mawingu yenyewe. Wingu la Kilimanjaro linatokea pale ambapo hewa inayopanda imepoa kiasi cha mvuke kugeuka matone. Ndiyo maana mvua nyingi ya upande wetu wa kusini inanyesha msituni, kwenye mita 2,000 na kitu, na ukipita huko juu unakuta jangwa la mawe. Maji yameshaangushwa njiani. Kanuni ni ileile kwenye vibete, kinachobadilika ni bidhaa. Vile vyenye joto zaidi, vya daraja linaloitwa L, vina zaidi ya nyuzi 1,000 za sentigredi, na mawingu yake ni ya chuma na chembechembe za madini ya mawe. Matone ya chuma! Kibete kikizidi kupoa, mahali panapofaa chuma kuganda panashuka chini zaidi na zaidi, mpaka mawingu yale yanazama tusikoweza kuona. Hayajaisha, yamekwenda chini. Juu yake hewa inakuwa safi, methani inatokea, na hapo tumeingia daraja T. Gliese 229B ni wa huku.

Kwenye mpaka wa madaraja haya mawili mawingu yanakuwa na matundu matundu, na kibete kikizunguka mng'ao wake unapanda na kushuka. Mwaka 2014 watafiti walichora ramani ya uso wa kibete kimoja cha namna hiyo, Luhman 16B, kilicho umbali wa miaka 6.5 ya nuru, wakaonyesha sehemu zenye mawingu mazito na zenye mawingu mepesi. Utabiri wa hali ya hewa wa nje ya mfumo wa Jua, naam.

Chini ya T kuna daraja Y, baridi kuliko yote, lililothibitishwa mwaka 2011 kwa msaada wa darubini ya anga ya WISE. Hapa mawingu ya mawe yamesahaulika kabisa. Hapa tunaanza kuzungumzia maji.

Jirani wa nne

Mwaka 2014 Kevin Luhman alikuwa akipitia picha za WISE akaona kidoa kinachohama kwa kasi kati ya picha na picha. Kitu kinachohama hivyo kiko karibu. Kikaitwa WISE 0855−0714, na kikapimwa kuwa umbali wa miaka 7.4 ya nuru, mfumo wa nne kwa ukaribu na Jua. Makadirio ya kwanza ya joto lake yalikuwa kati ya nyuzi 48 na 13 chini ya sifuri, yaani kama kileleni Kibo au baridi kuliko hapo. Vipimo vya karibuni vinasema takribani nyuzi 12 juu ya sifuri. Marangu, asubuhi ya Julai. Ni kitu cha kujitegemea angani, kina masi kati ya mara 3 na 10 ya Mshtarii, na ukikipima joto kinahitaji sweta.

Kupata spektra yake kutoka ardhini ni shughuli. Hapa niseme kitu kuhusu mimi mwenyewe. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, nilishinda wiki nzima nikiwa na furaha kwa sababu spektra ya kibete changu ilionyesha mvuke wa maji mwingi ajabu. Nikachora grafu, nikaipamba, nikaipeleka kwa msimamizi wangu. Akaiangalia kidogo akauliza, "Dunia umeiondoa?" Sikuwa nimeiondoa vizuri. Maji yale mengi yalikuwa yetu, mvuke uliokuwa juu ya darubini usiku ule. Mwanga uliosafiri miaka kadhaa bila kusumbuliwa ulikuja kuharibikiwa kwenye kilomita chache za mwisho.

Ndiyo maana darubini kubwa zinajengwa milimani, juu ya mvuke mwingi. Mauna Kea kule Hawaii ina mita 4,205, fupi kuliko Kibo yetu (nasema tu). Mwaka 2016 kundi la Andrew Skemer lilitumia darubini ya Gemini North iliyoko pale, lenye kioo cha mita 8.1, kukiangalia WISE 0855 kwenye mikromita 5 hivi. Huo ni urefu wa wimbi ambao hata kwenye Mshtarii mwanga wa joto unapenya kupitia matundu ya mawingu. Iliwachukua usiku 13. Walichopata kilifanana na Mshtarii kwa namna nyingi: mvuke wa maji, na dalili za mawingu, ambayo kwa joto lile yangekuwa ya maji au barafu. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Kwenye Mshtarii, eneo lile limejaa alama za fosfini. Kwenye WISE 0855, hakuna.

Baadaye ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, nje kabisa ya mvuke wetu. Hakuna Dunia ya kuondoa. Spektra ya WISE 0855 iliyochapishwa mwaka 2024 ilikuwa na maji, methani, amonia na monoksidi ya kaboni, wazi kabisa. Ilikuwa hata na methani yenye diuteriamu, ile hidrojeni nzito, kwa kiwango kinachokaribiana na kile ambacho mfumo wetu wa Jua ulianza nacho. Hilo si jambo dogo. Kitu chenye masi zaidi ya mara 13 ya Mshtarii huteketeza diuteriamu yake mapema. Hiki bado kinayo, kwa hiyo ni chepesi kuliko hapo. Umepima uzito wa kitu kwa kuangalia gesi zake tu, bila mizani.

Na fosfini? Ipo, sehemu 1 katika bilioni.

Maziwa ya kutoka mlimani

Kuelewa kwa nini hilo ni tatizo, fikiria maziwa. Mtu anakamua ng'ombe asubuhi huko juu mlimani, bodaboda inayaleta Njoro. Ukinunua maziwa hayajachacha, unajua kitu kuhusu safari: ilikuwa fupi kuliko muda wa maziwa kuchacha. Hujaiona njia, lakini umejua mwendo.

Kemia ya vibete iko hivyo. Fosfini inatengenezwa chini, kwenye joto na mgandamizo. Ikipanda kwenye baridi, kwa hesabu za kitabuni inapaswa kubadilika, fosforasi ishikwe na oksijeni. Lakini mabadiliko hayo ni ya polepole, na hewa inayochemka kutoka chini inapanda haraka. Kwa hiyo fosfini inafika juu ikiwa bado mbichi, kama maziwa yetu. Kwenye Mshtarii ndivyo ilivyo, kuna karibu sehemu 1 katika milioni. Monoksidi ya kaboni nayo inafanya hivyohivyo: kwenye WISE 0855 ipo nyingi kuliko baridi ile inavyoruhusu, ushahidi kwamba bodaboda zinakimbia. Sasa kama bodaboda zipo na monoksidi inafika, fosfini imepotelea wapi? Tulitarajia kama ya Mshtarii, tumepata pungufu karibu mara elfu.

Mwaka 2025 mambo yakazidi kuwa magumu. Kundi la Adam Burgasser lilitangaza fosfini kwenye kibete kingine, Wolf 1130C, kwa kiasi cha sehemu 0.1 katika milioni, kinacholingana na matarajio. Kibete hicho ni cha ajabu kidogo, kiko na nyota mbili na kimezaliwa kwenye gesi yenye elementi nzito chache, oksijeni ikiwemo. Huenda ndiyo siri: oksijeni ikiwa chache, fosforasi haina wa kuishika, inabaki kwenye fosfini. Ni wazo zuri. Lakini kwa nini Mshtarii, wenye oksijeni ya kutosha, nao wanayo? Kwa sasa mfano mmoja wa hesabu hauwezi kuvieleza vyote vitatu kwa pamoja.

Sasa nirudi kwenye uhai. Septemba 2020 kundi lililoongozwa na Jane Greaves lilitangaza kwamba limeona dalili ya fosfini kwenye mawingu ya Zuhura. Hapa Duniani gesi hiyo inahusishwa na viwanda na na vijidudu vya sehemu zisizo na oksijeni, kwa hiyo dunia nzima ikauliza: je, kuna kitu kinaishi kule? Makundi mengine yakachambua data upya, mengine yakasema alama ni dhaifu zaidi, mengine yakasema inaweza kuwa gesi ya salfa. Ubishi ukawa mrefu.

Hoja ya kusema "hii ni dalili ya uhai" inategemea sentensi moja: tunajua kiasi gani cha fosfini kemia ya kawaida inaweza kutengeneza. Vibete vya kahawia ni mipira ya gesi isiyo na ardhi, hidrojeni na heliamu karibu yote, kemia rahisi kuliko zote tulizonazo. Na hata hapo tumekosea mara elfu. Sisemi kundi la Zuhura lilikosea, kemia ya sayari ya mawe ni nyingine. Ila mimi nikisoma kichwa cha habari "Dalili za uhai zagunduliwa kwenye sayari ya mbali", swali langu la kwanza siku hizi ni: gesi hiyo inaeleweka kwenye kibete cha kahawia? Kama bado, naendelea na chai yangu.

Tahadhari haiishii kwenye fosfini. Gliese 229B, kile cha mwaka 1995, kilisumbua watu kwa muda mrefu kwa sababu kilikuwa na masi ya takribani mara 70 ya Mshtarii lakini mwanga wake ulikuwa mdogo mno kwa masi hiyo. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba si kimoja. Ni viwili, vya masi 38 na 34 hivi, vinazungukana kila siku 12. Kwa karibu miaka 30 spektra maarufu kuliko zote kwenye fani hii ilikuwa ni ya vitu viwili, na sote tulikuwa tunaandika kana kwamba ni kimoja.

Kibete chenye joto juu

Nilikuambia ushike lile la pili: gesi ikiwa baridi kuliko kilichopo nyuma yake inaonekana kama pengo, ikiwa na joto zaidi inang'aa. Mwaka 2024 kundi la Jackie Faherty lilichapisha spektra ya James Webb ya kibete kinachoitwa W1935, kilicho umbali wa miaka 47 ya nuru. Kwenye urefu wa wimbi ambapo kila kibete baridi kina pengo la methani, hiki kina mwanga. Methani inang'aa. Maana yake ghorofa ya juu ina joto kuliko iliyo chini yake, kama vile upande Kibo ukute juu ya barafu kuna joto la Tanga.

Kwenye Mshtarii joto la juu linahusishwa na mianga ya ncha za sayari, na Jua pamoja na mwezi wake Io vinachangia. W1935 hakina nyota jirani. Nani anakipasha? Kuna wanaodhani kina mwezi wenye volkano unaokizunguka. Ni dhana tu kwa sasa, ila ni dhana inayonifurahisha.

Kilichonigusa zaidi ni namna kilivyopatikana. Mmoja wa waliokigundua, Dan Caselden, alikuwa mtu wa kujitolea kwenye mradi wa Backyard Worlds, ambapo tangu 2017 yeyote mwenye intaneti anapewa picha za WISE zinazopishana na kutafuta kidoa kinachohama. Huhitaji digrii. Data za James Webb nazo, nyingine mara moja na nyingine baada ya mwaka, zinawekwa wazi kwa kila mtu. Spektra iliyokwisha kuchakatwa ni faili dogo kuliko video nyingi unazotumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Bando si kisingizio, kinachohitajika ni mtu wa kukuonyesha pa kuanzia, na ukikwama kwenye kufungua faili tuandikie, tutakaa nalo pamoja.

Kama masika hayajaanza, katikati ya Machi toka nje kwenye saa tatu usiku, simama hapa Njoro uangalie juu kabisa, utosini. Mashariki kidogo utaiona Alphard, nyota yenye wekundu iliyokaa peke yake katika kundinyota la Shuja. Isogee kidogo kuelekea magharibi, kama upana wa ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono. Hutaona kitu, ni giza tupu. WISE 0855 iko hapo.